Hukuruka Kurasa, Mwanangu?

Kitabu cha kwanza sikukisoma. Nilikisikia. Nilikisikia jioni baada ya jioni barazani kwa bibi, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, hapahapa Tanga, mjomba akiwa ameegemea nguzo na kitabu kimelala mapajani kimefungwa. Hakuwa akikisoma. Alikwisha kukisoma mara mbili, sasa alikuwa anatuhadithia. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza kilichopoteza jalada, alichokinunua kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini kandokando ya barabara Dar es Salaam, siku moja alipotumwa huko kikazi. Jina lake, Dirk Gently's Holistic Detective Agency, alilitamka mara moja tu, usiku wa kwanza. Baada ya hapo sote tukakiita kile kitabu cha kochi.

Mwandishi wake ni Mwingereza Douglas Adams, mzaliwa wa Cambridge, mwaka 1952. Wengi wanamjua kwa hadithi zake za safari za angani alizoanza kuziandikia redio ya BBC mwaka 1978. Hiki cha kochi kilitoka mwaka 1987. Ni hadithi ya upelelezi, ni bunilizi ya kisayansi, ni hadithi ya mzuka, na tena ni kichekesho, vyote vimetiwa chungu kimoja, na chungu hakikuungua.

Nieleze lile kochi, maana ndilo lililotunasa. Kijana mmoja, Richard, mtaalamu wa programu za kompyuta, amenunua kochi. Wachukuzi wamelipandisha ngazi za nyumba yake, walipofika kwenye kona likakwama. Halipandi, halishuki. Richard anaingiza vipimo vya ngazi na vya kochi kwenye kompyuta ili imwonyeshe namna ya kuligeuza, na kompyuta inamletea jibu la kuogofya: si kwamba kochi haliwezi kutoka tu, bali halikuweza hata kufika pale lilipo. Mjomba alipofika hapo alinyamaza. Akamwita muuza kahawa, akachagua kikombe, akanywa. Sisi tumekaa.

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa mikono: anapowaza, vidole vinapima hewani. Akapima ngazi, akapima kochi, akageuza viganja huku na huku, mwisho akasema, "Basi palikuwa na mlango. Wameuziba." Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alimtazama fundi kwa muda, akasema tutalala, kesho tukijaaliwa tutaendelea.

Hivyo ndivyo kile kitabu kilivyokuwa. Kila usiku kilileta jambo lisilohusiana na la jana. Profesa mzee, Reg, anaishi chuoni Cambridge, na usiku mmoja bafuni mwake ghorofani anakutwa farasi. Farasi mzima, na hakuna ajuaye kapitaje. Profesa huyohuyo, kwenye karamu ya chuo, anakipoteza kidau cha chumvi mbele ya mtoto wa kike, kisha wanakuja kukikuta ndani ya chungu cha Kigiriki cha miaka mingi. Kuna mtawa wa umeme, mashine iliyoundwa imwaminie mtu mambo, kama vile mashine ya kufulia inavyomfulia mtu nguo. Kuna tajiri anayepigwa risasi, halafu mzuka wake unahangaika usiku kucha kutafuta simu ili umalize mazungumzo. Na kuna paka wa bibi mmoja, amepotea, na mpelelezi Dirk Gently ndiye aliyepewa kazi ya kumtafuta. Anamtumia yule bibi madai ya gharama za safari mpaka visiwa vya Bahamas, kwa hoja kwamba kila kitu duniani kimefungamana na kila kitu kingine, kwa hiyo huwezi kujua paka wa London ameachia dalili yake wapi.

Sisi tuliokulia kwenye hadithi za mpelelezi Bwana Msa tulimwelewa Dirk kwa kumlinganisha. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, anakaa na kiko chake, anatazama, anakwenda kwa kanuni ya kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Dirk yeye anasema mvua ya hapa huenda dalili yake ni kitasa kilicholegea mtaa wa tatu. Anavyosema utadhani mzushi. Na mjomba alituacha tumdhanie uzushi kwa wiki nzima.

Halafu vikaanza kuungana.

Vyumba vya yule profesa ndicho chombo chenyewe cha kusafiri katika wakati. Mlango wa vyumba unafunguka popote na zama zozote. Farasi alipita humo, na mwenye farasi ni yule mtawa wa umeme, aliyetoka sayari nyingine. Kidau cha chumvi kilipelekwa kule nyuma kikatiwa chunguni. Na kochi? Siku wachukuzi walipokuwa wakihangaika nalo, mlango wa profesa ulitokea pale kwenye kona ya ngazi, kochi likapishwa kwa kuingizwa kidogo mlangoni humo, kisha mlango ukaondoka. Mjomba aliposema "palikuwa na mlango", fundi cherehani alisimama. Alisimama wima barazani, mtu mzima mwenye wajukuu, mikono juu, kama aliyefunga bao uwanja wa Mkwakwani. Nimewahi kuona watu wakifurahia vitabu, lakini sijamwona mwingine akisimama.

Na bado kulikuwa na lile kubwa. Miaka bilioni nne iliyopita chombo cha wageni kutoka sayari nyingine kililipuka hapa duniani kwa kosa la fundi wake, na mlipuko huo ndio uliouanzisha uhai. Mzuka wa yule fundi umetangatanga tangu hapo, unatafuta mtu wa kumwingia ili urudi nyuma ukalisahihishe kosa. Ukifanikiwa, hakuna mimi, hakuna wewe, hakuna Tanga. Mmoja wa waliowahi kuingiwa ni mshairi Coleridge. Hapa mjomba, aliyesoma enzi za kukariri mashairi ya Kiingereza darasani, alitufumbulia jambo ambalo peke yangu nisingeling'amua. Shairi la Coleridge liitwalo Kubla Khan, lililochapishwa mwaka 1816, halikumalizika. Mwenyewe alisema alikatizwa na mgeni aliyetoka Porlock, akasahau yaliyobaki. Lakini mwanzoni mwa kitabu, kwenye karamu ya chuo, shairi hilo linasomwa lote, pamoja na sehemu ya pili. Maana yake ulimwengu ule tuliokuwa tukihadithiwa tangu usiku wa kwanza haukuwa ulimwengu wetu! Ni Dirk ndiye anayekwenda nyuma kumgongea Coleridge mlango na kumpotezea wakati, ili ujumbe wa mzuka usikamilike, na dunia ikawa hii tunayoijua. Na yule paka? Kwa kuwa mambo yamebadilika huko nyuma, paka hakuwahi kupotea. Dirk anaandika ankara mpya: kuokoa wanadamu wote wasiangamie, bure.

Nimekaa sana kwenye kitabu cha kwanza, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Bila kukijua hicho huwezi kuelewa kwa nini mtu aumie kwa ajili ya cha pili.

Cha pili kilitoka mwaka uliofuata, 1988. The Long Dark Tea-Time of the Soul. Mjomba alijua kwamba kipo, maana kilitajwa mahali, lakini hakukipata. Miaka ikapita. Alistaafu. Presha ya macho ikaanza kumla pembeni, kidogo kidogo, hadi akawa anauona mlango lakini haoni aliyesimama mlangoni. Nilipokikuta kitabu hicho mwaka jana, kwenye mtumba vilevile, sikukifungua. Nilikifunga kwenye mfuko nikakileta kwake kama nilivyokipata. Nilimwekea mkononi. Akakipapasa, akakinusa.

"Kina jalada," alisema.

Tukakubaliana. Kila siku baada ya swala ya alasiri, chai ya tangawizi ikishatengwa, mimi nitasoma kimoyomoyo sentensi moja moja na kumwambia kwa Kiswahili, mpaka karibu na magharibi. Jina lenyewe tulibishana nalo siku nzima. Adams alikuwa ameshalitumia neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1982, kuelezea alasiri za Jumapili za kiumbe asiyekufa, aliyekwisha kufanya kila kitu na sasa hajui afanye nini na saa zilizobaki. Mjomba aliposikia hivyo alikaa kimya. Kisha akasema analijua jambo hilo. Tukaliita Alasiri Ndefu ya Giza la Roho, na hatukuligusa tena.

Mwanzo wake ni mzuri, nasema hivyo kwa moyo mmoja. Mwanamke aitwaye Kate yuko uwanja wa ndege wa Heathrow anataka kwenda Oslo. Mbele yake kwenye foleni kuna jibaba moja la Kinorwe lisilo na pasipoti wala kadi ya benki, linang'ang'ania kusafiri. Ghafla meza ya kupokelea abiria inarushwa juu ikipenya paa, imezingirwa na moto, na hakuna anayeweza kueleza sababu yake. Wakubwa wanaamua kuwa ni kazi ya Mungu. Swali la kitabu ni: mungu yupi? Yule jibaba ni Thor, mungu wa radi wa watu wa kaskazini.

Huku Dirk ameahidiana na mteja tajiri anayedai anawindwa na jitu lenye macho ya kijani na mundu. Dirk hakuamini, akalala mpaka jua likawa juu, na alipofika alikuta polisi wamejaa. Mteja amekaa kitini. Kichwa chake hakiko mabegani, kinazunguka juu ya sahani ya santuri, na sindano ya gramafoni inarukia mahali palepale pa wimbo. Hili nililisoma kwa sauti ya chini kwa sababu wajukuu walikuwa uani. Mjomba alisogeza kiti.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa la lugha, nalo likawa baraka. Mjomba ni mtu wa msikitini, hakutaka niseme miungu, miungu, kila sentensi. "Mungu ni mmoja," aliniambia. "Hawa wengine waite mizimu." Basi nikawaita mizimu, na kitabu kizima kikafunguka. Wazo la Adams ni kwamba hawa waliumbwa na haja ya watu. Watu walihitaji wa kuwaogopa na wa kuwaomba, wakawapata. Lakini mizimu haifi. Watu walipoacha kuwahitaji, wao walibaki: hawana pa kulala, wanazurura London kama maskini wasio na kwao, na usiku wanakusanyika kwenye stesheni ya reli ya St Pancras, ambayo kwa upande wao wa dunia ndiyo jumba lao la kale. Mkubwa wao, Odin, amechoka. Anachokitaka sasa ni shuka safi. Amejilaza kwenye hospitali ya kifahari, anabadilishiwa shuka za kitani kila siku, na ili alipiwe gharama hizo ameweka saini mkataba na wakili mmoja na mkewe, mtu wa matangazo ya biashara, akawauzia nguvu zake.

Mjomba alinisimamisha. Mwendo wa kilomita nane hivi kaskazini mwa mji wetu yako Mapango ya Amboni, na kila mtu wa Tanga aliyewahi kuingia humo ameona mahali ambapo watu huacha ubani, marashi na sarafu. Mjomba alipelekwa huko akiwa mdogo na bibi yake mzaa baba, kabla baba yake hajapiga marufuku. Anakumbuka chano. Anakumbuka bibi yule akiongea na ukuta wa jiwe kwa adabu, kama anavyoongea na mkwe. "Sasa yule aliyekuwa akisalimiwa," mjomba aliuliza, "alipoacha kusalimiwa, alikwenda wapi?"

Huyo si mtu aliyechoshwa na kitabu. Siku zile nne tano nilidhani tumepata kitu kikubwa kuliko kile cha kochi. Naamini mpaka leo kwamba wazo la cha pili ni kubwa zaidi. Mizimu iliyosahauliwa, mkubwa wao ameuza nguvu zake kwa kitanda safi, na mtoto wake Thor anaona aibu hiyo na hajui afanye nini isipokuwa kupiga nyundo. Humo mna baba na mwana, mna uzee. Mjomba, mwenye macho yanayoondoka, alimwelewa Odin kuliko mimi. Aliposikia habari za shuka alipitisha kiganja juu ya foronya yake mwenyewe, taratibu, wala hakuwa anajua kwamba namtazama.

Lakini tulipokuwa tunaendelea yalianza maswali.

"Na Richard yuko wapi?"

Nikamwambia hajatokea bado. Siku ya pili akauliza tena. Siku ya tatu nikafungua kurasa mbele kutafuta jina. Hayumo, wala profesa Reg hayumo. Dirk yuko peke yake, anahangaika na friji yake chafu ambayo yeye na mfanyakazi wake wa usafi kila mmoja anamtegea mwenzake aifungue. Friji ni ya kuchekesha, na mwisho mnazaliwa humo kiumbe wa ajabu. Ila Dirk akiwa peke yake si Dirk. Bwana Msa ana Najum. Najum ndiye anayeuliza maswali yetu, ndiye anayeshangaa kwa niaba yetu, na Bwana Msa anakuwa hodari kwa sababu kuna anayemshangaa. Richard alikuwa Najum wa Dirk. Kate anaweza kuwa Najum mzuri, ana akili na ana ulimi, lakini mwandishi amemweka njia nyingine, anakwenda na Thor. Wanakutana na Dirk kwa nadra na hawakai. Kwa hiyo Dirk anafikiri kimoyomoyo, na mimi niliyekuwa natafsiri kwa sauti nikajikuta kurasa nzima nasema "akawaza, akawaza, akawaza."

Jambo la pili nililigundua kwa sababu ya kutafsiri, na ndilo ninalotaka hasa kulisema. Katika kitabu cha kwanza kichekesho kimo ndani ya tukio. Kochi limekwama mahali lisipoweza kufika: hilo ukilihadithia kwa Kiswahili, kwa Kidigo, kwa Kibondei, linachekesha vilevile na linaumiza kichwa vilevile. Farasi bafuni ni farasi bafuni. Ndiyo maana mjomba aliweza kukiweka kitabu mapajani kimefungwa. Katika cha pili kichekesho kimehamia kwenye sentensi. Adams ni fundi wa sentensi, Kiingereza chake kinacheza, na nikisoma peke yangu nilicheka. Nikiinua macho nimwambie mjomba kilichonichekesha, kilikuwa kimeyeyuka mkononi. Siku moja nilicheka peke yangu kwa muda, yeye akasubiri kwa upole na kikombe mkononi, na nilipojaribu kumweleza nikaona hakuna tukio lolote la kueleza. Hapakuwa na mlango nyuma ya kochi.

Kuna tai anayemfuatafuata Dirk na kumtisha. Kumbe ni ndege ya kivita iliyogeuzwa na Thor kwa hasira. Ni kitu kizuri sana. Mjomba alianza kumpangia kazi tai huyo: atamchukua Odin, atamrudisha kwao kaskazini. Kikokotoo cha Dirk cha kupigia ramli, ambacho hesabu ikizidi nne kinashindwa, nacho alikipangia kazi. Msikilizaji wa barazani hivyo ndivyo anavyofanya, anakusanya vitu na kuviweka karibu, kwa sababu amefundishwa na kitabu cha kwanza kwamba kila kitu kitalipwa. Kitabu cha pili kilimkopa mjomba vitu vingi.

Tukafika siku ya mwisho. Zilibaki kurasa chache, nikaona nisiahirishe. Odin na Thor wanakutana. Mkataba na wakili na mkewe unafika mahali pa kuamuliwa. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ajili ya mashindano makubwa ya maneno, baba na mwana, mizimu yote ya St Pancras imekusanyika. Badala yake mambo yalipita kama basi lisilosimama kituoni. Wakili na mkewe wanakufa ghafla ndani ya gari lao kwa ile ndege ya kivita kurudia umbo lake. Kurasa mbili tatu, yamekwisha. Nani alijua nini, Dirk alifumbua lipi, kichwa kile kwenye santuri kinahusiana vipi hasa na nguvu za Odin, yote yanatajwa mbiombio, mengine inabidi uyaokote mwenyewe chini ya meza. Nikasoma sentensi ya mwisho. Nikanyamaza.

Mjomba aliendelea kusubiri. Muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa ameanza kujaribu kipaza sauti.

"Endelea."

"Kimekwisha, mjomba."

Alikaa. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeogopa kumkosea mwenzake, "Hukuruka kurasa, mwanangu? Kama umechoka sema tu. Tutamalizia kesho."

Nilimwambia sikuruka. Nilimwona hajatosheka. Akanyoosha mkono, nikampa kitabu. Akakifungua mwishoni, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa karatasi, moja, moja, akitafuta zile mbili zilizonatana. Alipofika jalada la nyuma akarudi tena kuanzia nyuma kwenda mbele. Hapakuwa na karatasi iliyonatana. Akakifunga, akakiweka juu ya meza kando ya birika, akasema twende tukatawadhe.

Mimi sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa na hasira na mtu aliyekufa zamani. Nikaanza kusoma habari za namna vitabu vile vilivyoandikwa, na nilipata jibu ambalo limenitosha. Kitabu cha kochi hakikuandikwa mwaka 1987. Mwaka 1979 Adams alikuwa mhariri wa hadithi wa tamthilia ya televisheni ya BBC, Doctor Who. Aliandika humo kisa cha mgeni wa sayari nyingine ambaye mlipuko wa chombo chake ndio ulioanzisha uhai duniani, kikarushwa mwaka huohuo kwa jina City of Death. Akaandika kingine, Shada, chenye profesa mzee wa Cambridge ambaye vyumba vyake ndicho chombo cha kusafiri katika wakati, lakini kazi ya kukipiga picha ilikatizwa na mgomo BBC, kikabaki kiporo. Visa hivyo viwili vilikaa kichwani mwake miaka minane. Alipokaa kuandika riwaya, mzuka alikuwa na umri, profesa alikuwa na umri, walikuwa wamejuana.

Embe la kwanza liliivia mtini. La pili lilivundikwa. Mwaka mmoja tu, toka 1987 hadi 1988. Embe la kuvundika linaliwa, tena sokoni ndiyo mengi. Rangi inakuja, harufu inakuja, ukibonyeza linabonyea. Karibu na kokwa ndipo unapokutana na uchachu. Mizimu isiyo na makao, Odin na shuka zake, hilo lilikuwa wazo la kuachwa mtini miaka minane mingine.

Hakuliacha, na baadaye hakupata miaka. Alianza cha tatu cha Dirk, hakukimaliza. Humo mteja anakuja na paka mzima wa afya, ila nusu yake ya nyuma haipo, na anataka itafutwe. Adams alifariki California mwezi Mei 2001, kwa moyo, akiwa na miaka 49. Sura alizoacha kwenye kompyuta zake zilichapishwa mwaka 2002 pamoja na maandishi yake mengine, ndani ya kitabu kiitwacho The Salmon of Doubt. Humo nilikuta jambo jingine lililonishtua: mwaka 1994 alikuja huku kwetu. Alishiriki safari ya kupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za kuwaokoa faru, na njiani kuelekea mlimani alivaa vazi la faru. Nilipomwambia mjomba, aliuliza tena mwaka. Tisini na nne. Akahesabu kwa vidole. Mwaka huo alikwenda Moshi kwenye harusi. "Ningemwona," alisema, na hakusema macho yake ya wakati ule yalivyokuwa mazima, lakini nilimsikia. "Ningemwuliza Richard kampeleka wapi."

Wiki tatu baadaye ilikuwa jioni ya joto, umeme umekatika, watu wametoka nje. Fundi cherehani siku hizi hashoni tena, kazi anafanya mwanawe, lakini barazani anakuja. Mjomba aliegemea nguzo yake. Bila kutangaza lolote akaanza: kuna mwanamke yuko uwanja wa ndege, foleni haiendi, mbele yake kuna jibaba halina pasipoti. Akaenda hivyo. Akamweka mteja kitini na kichwa kwenye santuri. Akaipanga mizimu St Pancras, akampa Odin bibi wa kumwekea chano, jambo ambalo kitabuni halimo. Mkataba ukawekwa saini. Tai akatua dirishani. Watoto waliokuwa wakicheza barabarani walikuwa wameshakaa chini.

Hapo akanyamaza, akamwita muuza kahawa.

Tulisubiri. Fundi cherehani alikuwa ameanza kupima hewani, tai na dirisha, dirisha na mkataba. Akauliza, "Sasa yule wakili na mkewe walifanywa nini?"

Mjomba aligeuza uso kuelekea nilipokaa, akakosea kidogo, akawa anamtazama mtoto wa jirani.

"Mwanangu hajanisomea," alisema. "Kuna kurasa bado anazitafuta."